Mteremko Unaopanda: Maana na Ukokotoaji wa Mteremko wa Mstari Mnyoofu

1. Utangulizi

Huenda msomaji akajiuliza somo la Hisabati limeingiaje katika jarida la idara ya Kiswahili. Swali hilo ni la haki. Mwalimu wa Kiswahili anayefanya kazi Dzaleka au Lilongwe huombwa msaada katika mambo mengi zaidi ya ngeli, insha na ushairi. Mara kwa mara mwanafunzi humletea daftari la Hisabati na kumwomba amweleze kwa Kiswahili jambo alilofundishwa kwa Kiingereza na lisimwingie. Hapo mwalimu ana njia mbili: kumwambia mwanafunzi aende kwa mwalimu wa Hisabati, au kukaa naye na kulitafuta jambo hilo ndani ya lugha wanayoielewa wote wawili. Makala haya yameandikwa kwa ajili ya mwalimu aliyechagua njia ya pili.

Dhana inayoshughulikiwa hapa ni moja tu, nayo ni mteremko wa mstari mnyoofu, yaani kile ambacho katika vitabu vya Kiingereza vya Malawi huitwa “gradient”. Tumeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, ni dhana ambayo mambo mengine mengi yamejengwa juu yake: kasi, bei kwa kipimo, kiwango cha ukuaji, na hata hesabu za juu zitakazofuata chuoni. Mwanafunzi wa sekondari asiyeielewa vizuri huteseka katika Hisabati, Fizikia na Jiografia, na suala hilo humsubiri katika mtihani wa mwisho wa kidato cha nne. Pili, ni dhana ambayo neno lake la Kiswahili linaweza kumpotosha mwanafunzi kabla hajagusa hata namba moja. Kwa hiyo ni dhana inayotuhusu sisi watu wa lugha.

Kwa wasomaji wasioifahamu, Dzaleka ni makazi ya wakimbizi yaliyopo Wilaya ya Dowa, mwendo wa kilomita zisizozidi 50 kaskazini mwa Lilongwe. Yalifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa na gereza, yakikusudiwa kupokea watu kama 10,000 hivi. Kufikia mwaka 2023 yalikuwa na zaidi ya watu 50,000. Walio wengi wametoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wakifuatiwa na Warundi na Wanyarwanda. Kiswahili, hasa kile cha mashariki mwa Kongo, kinasikika kila kona ya makazi hayo. Mtoto wa hapo huweza kuzungumza Kiswahili nyumbani, Kichewa uwanjani na Kiingereza darasani, huku kaka yake anayemsaidia kazi za shule akiwa amesoma Hisabati kwa Kifaransa kule Bukavu au Bujumbura. Sheria ya Elimu ya Malawi ya mwaka 2013 imekifanya Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia. Hivyo basi, dhana moja ya Hisabati humfikia mtoto huyu ikiwa imepita katika lugha tatu au nne, na kila lugha imeacha alama yake.

2. Mteremko ni nini?

Tuanze na mambo tunayoyajua. Mtu akitembea juu ya mlima, tunaweza kumuuliza maswali mawili. La kwanza: umekwenda mbele kiasi gani? La pili: wakati ukienda mbele, umepanda au umeshuka kiasi gani? Swali la kwanza linahusu mwendo wa mlalo, na la pili linahusu mwendo wa wima. Mteremko wa mstari ni uhusiano kati ya majibu hayo mawili. Ni namba moja inayojibu swali hili: kwa kila hatua moja ya kwenda kulia, mstari unapanda au unashuka hatua ngapi?

Fikiria ngazi za nyumba. Ikiwa kila kidato kina kina cha sentimita 30 na kimo cha sentimita 15, basi kwa kila sentimita 30 za kwenda mbele tunapanda sentimita 15. Ukigawanya 15 kwa 30 unapata nusu. Mteremko wa ngazi hizo ni nusu. Zikiwa na vidato vitatu au ishirini, namba hiyo haibadiliki, kwa kuwa kila kidato kimefanana na mwenzake. Hapo ndipo ilipo siri ya mstari mnyoofu. Mstari mnyoofu ni ule ambao mteremko wake haubadiliki popote utakapoupimia. Ukipimia mwanzoni, katikati au mwishoni, jibu ni lile lile. Mstari uliopinda hauna sifa hiyo. Mteremko wake hubadilika kila unaposogea.

Kwa maneno ya kihisabati, ili kupata mteremko tunahitaji nukta mbili zilizo juu ya mstari. Kila nukta hutajwa kwa namba mbili: ya kwanza ni umbali wa kwenda kulia au kushoto kwenye mhimili wa x, na ya pili ni umbali wa kwenda juu au chini kwenye mhimili wa y. Shule za msingi za Tanzania huziita namba hizo majira ya nukta. (Mwalimu akumbuke kwamba mwanafunzi anayelijua neno “majira” kwa maana ya majira ya mvua tu atahitaji kuelezwa.) Nukta ya kwanza tukiiita (x₁, y₁) na ya pili (x₂, y₂), kanuni ni hii:

m = (y₂ − y₁) ÷ (x₂ − x₁)

Herufi m inasimama badala ya mteremko. Ni bahati njema kwamba kwa Kiswahili herufi hiyo inaafikiana na neno lenyewe. Mwanafunzi wa Kiingereza hana msaada huo, kwani neno lake linaanza kwa herufi nyingine. Kanuni hii haisemi jambo jipya. Inasema tu: tofauti ya wima igawanywe kwa tofauti ya mlalo.

3. Namna ya kukokotoa

Mfano wa kwanza: akiba katika banki mkhonde

Malawi ina vikundi vingi vya kuweka na kukopa viitwavyo banki mkhonde. Kwa Kichewa “khonde” ni baraza ya nyumba, kwa hiyo tunaweza kusema ni benki ya barazani. Tuseme mama mmoja ametoa kwacha 2,000 siku ya kujiunga, kisha anaweka kiasi kile kile kila wiki. Baada ya wiki 2 daftari lake linaonyesha kwacha 3,000. Baada ya wiki 6 linaonyesha kwacha 5,000. Anaweka kiasi gani kwa wiki?

Hatua ya kwanza ni kuandika nukta mbili. Wiki tunaziweka kwenye mhimili wa x na kwacha kwenye mhimili wa y. Tunapata (2, 3000) na (6, 5000).

Hatua ya pili ni kutafuta tofauti ya wima: 5000 − 3000 = 2000.

Hatua ya tatu ni kutafuta tofauti ya mlalo: 6 − 2 = 4.

Hatua ya nne ni kugawanya: 2000 ÷ 4 = 500.

Mteremko ni 500. Lakini 500 ya nini? Hapa mwalimu asimwachie mwanafunzi aandike namba tupu. Tumegawanya kwacha kwa wiki, kwa hiyo jibu ni kwacha 500 kwa wiki. Mteremko siku zote huwa na kizio cha namna hii, “kitu fulani kwa kitu fulani”, isipokuwa pale vizio vya juu na vya chini vinapofanana, kama sentimita kwa sentimita katika mfano wa ngazi.

Mwanafunzi anaweza kujihakikishia. Ikiwa mama huyu anaweka 500 kwa wiki, baada ya wiki 4 daftari linapaswa kusoma 4,000. Tukichukua nukta (2, 3000) na (4, 4000) tunapata 1000 ÷ 2, yaani 500 tena. Nukta zimebadilika, mteremko umebaki pale pale. Tukirudi nyuma hadi wiki ya sifuri tunaikuta ile 2,000 ya kujiunga. Kwa hiyo mlinganyo wa mstari huu ni y = 500x + 2000. Namba inayoshikana na x ndiyo mteremko, na namba inayosimama peke yake ni pale mstari unapokata mhimili wa y.

Mfano wa pili: pipa la maji

Familia imejaza pipa la maji. Baada ya siku 1 yamebaki lita 160. Baada ya siku 4 yamebaki lita 40. Matumizi yao ya kila siku hayabadiliki. Nukta zetu ni (1, 160) na (4, 40). Tofauti ya wima ni 40 − 160 = −120. Tofauti ya mlalo ni 4 − 1 = 3. Mteremko ni −120 ÷ 3 = −40, yaani lita 40 zinapungua kila siku.

Alama ya kutoa ndiyo habari yenyewe. Inatuambia kwamba mstari unashuka tunapousoma kutoka kushoto kwenda kulia. Mwanafunzi akiulizwa pipa lilikuwa na lita ngapi siku ya kujazwa, ataongeza 40 juu ya 160 na kupata 200. Akiulizwa litaisha lini, ataona kwamba 200 ikipungua 40 kila siku inafika sifuri siku ya tano.

Mfano wa tatu: kutoka Lilongwe hadi ziwani

Mji wa Lilongwe upo mita 1,050 hivi juu ya usawa wa bahari. Uso wa Ziwa Malawi upo mita 475 hivi. Barabara ya kutoka Lilongwe kupitia Salima hadi Senga Bay, kwenye ufuko wa ziwa, ina urefu wa takriban kilomita 120. Barabara halisi hupanda na kushuka njiani, kwa hiyo si mstari mnyoofu. Lakini tukiunganisha mwanzo na mwisho wake kwa mstari mnyoofu tutapata mteremko wa wastani. Nukta ni (0, 1050) na (120, 475). Tofauti ya wima ni 475 − 1050 = −575. Tukigawanya kwa 120 tunapata kama −4.8. Kwa wastani, basi, barabara inashuka mita 4.8 kwa kila kilomita.

Sasa tumuulize mwanafunzi swali hili: je, dereva anayerudi kutoka Senga Bay kwenda Lilongwe, kwake mteremko ni ngapi? Wengi watajibu haraka kwamba ni chanya 4.8 kwa kuwa yeye anapanda. Jibu hilo linahitaji kuangaliwa kwa makini. Ikiwa mchoro umebaki ule ule, wenye Lilongwe kushoto na Senga Bay kulia, mteremko wa mstari ni ule ule, −4.8. Mstari hausomwi kwa kufuata anayesafiri. Husomwa kutoka kushoto kwenda kulia. Tukichora upya, tukaanza kuhesabu kilomita kutoka Senga Bay, hapo mteremko utakuwa chanya 4.8, kwa sababu tumebadilisha mhimili.

Jambo hili linatupeleka moja kwa moja kwenye suala la lugha.

4. Mitego ya lugha

4.1 Neno “mteremko” lenyewe

Mteremko unatokana na kitenzi teremka, yaani kushuka. Katika mazungumzo ya kila siku, mahali hapo hapo huitwa mteremko na anayeshuka na huitwa mpando na anayepanda. Tena mteremko umekuwa nahau ya wepesi: kitu kilichopatikana bila jasho husemwa kuwa ni cha mteremko. Ndugu zetu wa Kongo husema “mutelemuko”, na maana ni hiyo hiyo ya kuelekea chini.

Kisha mwanafunzi anaingia darasani na kuambiwa kwamba mstari unaopanda una mteremko chanya. Mteremko unaopanda! Kwa sikio la Mswahili hii ni kama kusema usiku wa mchana. Haishangazi kwamba wanafunzi wengine huweka alama ya kutoa kwenye kila jibu, au huiondoa kwenye kila jibu.

Je, tulitupe neno hili? Wapo wanaopendelea neno “mwinamo”, kwa hoja kwamba kitu kinaweza kuinama upande wowote. Hoja yao ina uzito. Hata hivyo, mwandishi wa makala haya anaona kwamba kubadilisha neno hakutatatua tatizo. Tutazame lugha nyingine. Wafaransa husema “pente”, neno lenye asili ya Kilatini ya kuning’inia, nalo katika mazungumzo huelekea chini kama mteremko wetu. Hata hivyo watoto wa Ufaransa wanajifunza. Neno la Kiingereza “gradient” lina asili ya neno la Kilatini lenye maana ya hatua, lakini mtoto wa Kimalawi anayelisikia haioni hatua yoyote ndani yake. Istilahi haibebi maana yake yote mgongoni. Hupewa maana kwa kufafanuliwa. Kazi ya mwalimu, basi, ni kusema waziwazi siku ya kwanza: “Nyumbani mteremko ni kushuka. Katika Hisabati, mteremko ni kiasi cha kupanda kwa kila hatua moja ya kwenda kulia. Ukiona namba chanya, mstari unapanda. Ukiona namba hasi, unashuka.”

4.2 “Hauna mteremko”

Mtego huu ni mkubwa kuliko wa kwanza, na haujadiliwi sana. Tukisema barabara haina mteremko tunamaanisha ni tambarare. Kihisabati, mstari tambarare unao mteremko, nao ni sifuri: tofauti ya wima ni sifuri, na sifuri ikigawanywa kwa namba yoyote isiyo sifuri hubaki sifuri. Mstari usio na mteremko ni ule uliosimama wima kama nguzo ya umeme. Hapo tofauti ya mlalo ndiyo sifuri, na kugawanya kwa sifuri hakuna maana katika Hisabati.

Kwa hiyo maneno “hauna mteremko” yana maana moja barabarani na maana nyingine kabisa kwenye ubao. Inashauriwa mwalimu asiyatumie darasani hata kidogo. Kwa mstari wa mlalo aseme “mteremko wake ni sifuri”. Kwa mstari wa wima aseme “mteremko wake haukokotoleki”.

4.3 Toa nini kutoka nini?

Kiswahili kina njia mbili za kusema jambo la kutoa. Tunasema “sita toa mbili” na tunasema “toa mbili kwenye sita”. Jibu ni moja, lakini mpangilio wa namba umegeuka. Mwanafunzi anayesikia njia zote mbili katika kipindi kimoja anaweza kuandika y₂ − y₁ juu na x₁ − x₂ chini. Jibu lake litakuwa na ukubwa sahihi na alama iliyogeuka. Kanuni ya kumpa ni rahisi: nukta iliyotangulia juu ndiyo itangulie chini. Akianza na nukta ya pili juu, aanze nayo chini pia. Akianza na ya kwanza kote kuwili, jibu halitabadilika.

4.4 Herufi na koma kutoka shule za Kifaransa

Katika shule zilizofuata mfumo wa Kifaransa, mlinganyo wa mstari mnyoofu huandikwa y = ax + b. Katika shule za Malawi huandikwa y = mx + c. Mambo ni yale yale: a ndiyo m, na b ndiyo c. Lakini kijana aliyefika Dzaleka akiwa amesoma hadi kidato cha tatu kule Kivu Kusini anaweza kuona y = mx + c akadhani ni somo jipya ambalo hakuwahi kulisoma. Niliwahi kukaa na kijana wa namna hiyo katika kipindi cha masomo ya ziada. Alisema hajui lolote kuhusu “gradient”. Nilipoandika y = ax + b, alichukua chaki, akachora mistari mitatu, akataja mteremko wa kila mmoja bila kutua. Tatizo lake halikuwa Hisabati. Alikuwa amehesabiwa miongoni mwa wasiojua kwa sababu ya herufi mbili.

Koma nayo ina mambo yake. Aliyesoma kwa Kifaransa huandika nusu hivi: 0,5. Aliyesoma kwa Kiingereza huandika 0.5, na koma huitumia kutenga maelfu. Kwa hiyo ile akiba ya kwacha 3,000 katika mfano wetu wa kwanza inaweza kusomwa na mwanafunzi mgeni kuwa ni kwacha tatu kamili. Ndiyo maana katika nukta zetu tuliandika 3000 bila koma, na tunapendekeza walimu wafanye hivyo hivyo katika mahesabu.

4.5 Mteremko mkubwa na mteremko mkali

Kati ya −5 na 2, ipi ni kubwa? Namba iliyo kubwa ni 2. Lakini mstari ulio mkali zaidi ni ule wenye −5, kwa sababu unashuka hatua tano kwa kila hatua moja, wakati mwenzake unapanda hatua mbili tu. Kiswahili kimetusaidia hapa kwa kutupa neno “mkali”. Tulitumie kwa ukali wa mstari, tukiangalia namba bila alama yake, na neno “kubwa” tuliache kwa namba yenyewe.

5. Mapendekezo kwa walimu

Kwanza, mwalimu aanze na vitenzi kabla ya nomino. “Panda” na “shuka” vinaeleweka kwa kila mtoto. Kwa wale wanaokijua Kichewa zaidi, “kukwera” ni ndugu wa kitenzi chetu “kukwea”, na “kutsika” ni kushuka. Mstari kwa Kichewa ni “mzere”. Kutaja maneno haya hakuchafui Kiswahili chetu. Kunampa mwanafunzi daraja.

Pili, kila mteremko usomwe kwa sentensi kamili. Mwanafunzi asiishie kuandika m = 500. Aseme: “Kila wiki moja ikipita, akiba inapanda kwa kwacha 500.” Sentensi hiyo ina muundo wa “kila … , … inapanda/inashuka kwa …”, na ni zoezi zuri la sarufi pia. Anayeweza kuitunga amekwisha kuelewa. Anayeshindwa kuitunga, hata kama namba yake ni sahihi, bado ana kazi.

Tatu, ubaoni ziandikwe herufi za mifumo yote miwili, y = mx + c na chini yake y = ax + b, kwa wiki ya kwanza. Ni jambo la dakika moja, nalo linaweza kumrudishia mtu miaka mitatu ya masomo aliyodhani imepotea.

Nne, mwalimu wa Kiswahili asijifanye mwalimu wa Hisabati. Akae na mwenzake, wakubaliane istilahi watakazotumia, kisha wazibandike ukutani. Mwanafunzi akikuta mteremko kwa mmoja, mwinamo kwa mwingine na “gradient” kwa wa tatu, atadhani ni mambo matatu.

6. Zoezi

(a) Tafuta mteremko wa mstari unaopita kwenye nukta (1, 2) na (4, 11).

(b) Tafuta mteremko wa mstari unaopita kwenye nukta (−2, 5) na (3, 5). Eleza kwa sentensi moja mstari huo ukoje.

(c) Kipimo kinachotumika sana kwa njia ya kiti cha magurudumu ni mwinuko wa 1 kwa kila mlalo wa 12. Mlango wa darasa upo sentimita 30 juu ya ardhi. Njia hiyo ianzie umbali gani kutoka mlangoni?

(d) Mwanafunzi amekokotoa mteremko wa nukta (2, 7) na (5, 1) akapata 2. Onyesha alipoteleza.

Majibu: (a) 9 ÷ 3 = 3. (b) 0 ÷ 5 = 0; mstari ni wa mlalo, haupandi wala haushuki. (c) 30 × 12 = sentimita 360, yaani mita 3.6. (d) Alianza na nukta moja juu na nukta nyingine chini; jibu sahihi ni −6 ÷ 3 = −2.

Swali la (c) lifanywe nje ya darasa kwa kamba na rula, kwenye mlango halisi wa shule. Wanafunzi wataona wenyewe kwamba njia nyingi za aina hiyo zimejengwa fupi mno, na watajua sababu ya mwenzao kushindwa kujisukuma bila msaada.

7. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba mteremko wa mstari mnyoofu ni namba moja tu, inayopatikana kwa kugawanya tofauti ya wima kwa tofauti ya mlalo, na kwamba ugumu wake kwa wanafunzi wetu uko katika maneno kuliko katika kugawanya.

Mwaka 2019 Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika ilikifanya Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne. Mwezi Julai 2023, wakati wa ziara ya Rais Samia Suluhu Hassan, serikali ya Malawi ilitangaza nia ya kukiingiza Kiswahili katika mitaala ya shule. Tumezipokea habari hizo kwa furaha. Lakini lugha inayofundishwa kwa salamu na methali peke yake hubaki lugha ya wageni. Pale Dzaleka wapo tayari maelfu ya watoto wanaofikiri kwa Kiswahili, na baadhi yao wanaandikwa kuwa hawajui Hisabati ilhali hawajaelewa neno. Tukiweza kumfanya mmoja wao aseme kwa lugha yake, bila kusitasita, kwamba mteremko chanya unapanda, tutakuwa tumefundisha Hisabati na Kiswahili katika kipindi kimoja.

Walimu wenye istilahi nyingine wanazozitumia katika madarasa yao wanakaribishwa kuziwasilisha katika ofisi ya idara, ili zijadiliwe katika toleo lijalo.